Mliopita JKT na majeshini: ni kioja gani cha siku za ukuruta ambacho mpaka leo hamjakisahau?

Mzazi wa Pongwe

Habari zenu ndugu zangu, na shikamooni wakubwa wote mliomo humu.

Binti yangu amemaliza kidato cha sita mwaka huu, na jina lake limetoka katika orodha ya vijana wanaotakiwa kuripoti kambini kwa mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria. Vifaa vilivyoagizwa tumeshavikusanya vyote: bukta ya bluu iliyokoza yenye mpira kiunoni, fulana ya kijani, raba, soksi ndefu nyeusi na shuka mbili za bluu bahari. Kwa kuwa kambi aliyopangiwa iko katika mkoa wa baridi, mama yake amemwongezea sweta mbili nzito. Begi limefungwa tangu juzi, lakini mwenyewe bado hajatulia moyo.

Haogopi kukimbia wala kulima, kwa sababu shamba analijua tangu akiwa mdogo. Anachokiogopa ni kukosea mbele za watu. Ameniambia kwamba anajiona kabisa akigeuka kushoto wakati wenzake mia mbili wamegeuka kulia, na kwamba akichekwa siku ya kwanza atakuwa amechekwa kwa kipindi chote atakachokaa huko. Mimi sina cha kumjibu. Nilimaliza shule mwaka 1996, miaka miwili baada ya mpango huo kusitishwa, na uliporejeshwa mwaka 2013 nilikuwa tayari baba wa watoto watatu. Marehemu kaka yangu ndiye aliyepitia huko miaka ya themanini, naye alikuwa akitusimulia vioja vya kambini mpaka chai inapoa vikombeni, lakini nilikuwa mdogo na vingi nimevisahau.

Kwa hiyo naomba msaada wenu. Naomba mliopitia JKT, au jeshi lolote lile, mnisimulie makosa ya kawaida yaliyowapata au mliyoyaona kwa macho yenu, yale ya kuchekesha yasiyomdhalilisha mtu wala kumwumiza. Nitamsomea binti yangu jioni baada ya chakula. Natamani aende akijua kwamba si yeye wa kwanza kukosea.

Mwana Hanga

Shikamoo mzee wangu. Mpe pole mdogo wangu, na umwambie kwamba hofu hiyo tulikuwa nayo wote, hata wale waliokuwa wakijifanya mashujaa ndani ya basi.

Mimi nilikuwa kambini mwaka 2014, katika moja ya kambi za nyanda za juu kusini, ambako baridi ya mwezi wa sita na wa saba humwingia mtu mpaka kwenye meno. Hanga letu lilikuwa na vijana zaidi ya sitini. Mabuti yetu, ambayo yalitoka ghala moja kwa siku moja na yalifanana kama mayai, yalipangwa chini ya vitanda kwa mstari ulionyooka, kisigino kwa kisigino. Taa ikishazimwa usiku, haiwashwi tena mpaka asubuhi.

Wiki ya pili kipenga kililia mnamo saa kumi usiku. Kwa asiyejua, kipenga cha saa hiyo maana yake ni kwamba una dakika chache tu za kuwa umevaa, umefunga kamba, na umesimama mstarini uwanjani. Giza lilikuwa totoro, watu sitini wameinama kwa wakati mmoja, vichwa vinagongana, kila mmoja anapapasa sakafu. Nilivuta mabuti mawili kutoka chini ya kitanda, nikayavaa, nikatoka mbio. Buti la mguu wa kulia lilinibana kwa upande wa kidole gumba, nikadhani ni soksi imejikunja. Tukaanza mchakamchaka.

Tulipofika kama kilomita mbili nilijua kwamba si soksi. Sikuthubutu kusimama, kwa sababu siku iliyotangulia kuruta mmoja alisimama kufunga kamba, akaambiwa kwamba anadoji, na kombania nzima ikarushwa kichura kwa ajili yake. Nikavumilia, nikaimba kwa sauti kubwa kuliko wote ili nisahau mguu. Kumbe safu mbili mbele yangu, jirani yangu wa kitanda, kijana wa Kagera, naye alikuwa akikimbia huku ameuma midomo kwa shida ileile, na amenyamaza kwa sababu ileile.

Tuliporudi uwanjani kulikuwa kumepambazuka. Afande akatoa amri ya mguu sawa, akaanza kukagua safu. Katika mguu sawa visigino hugusana na ncha za mabuti huachana kidogo, moja ikielekea kulia na nyingine kushoto. Alipofika kwangu alisimama, akatazama chini kwa muda mrefu. Ncha zangu zote mbili zilikuwa zimepinda kuelekea upande mmoja, kama samaki wawili wanaofuata mkondo. Akaniuliza kwa upole ulionitisha kuliko kelele zake zote, "Kuruta, unakwenda wapi?" Kabla sijapata jibu, akainua kichwa na kupaza sauti: "Nani ana ya kulia mawili?" Kimya. Kisha kutoka safu ya mbele mkono mmoja ukainuka polepole.

Afande alijitahidi kujizuia, nilimwona akikaza taya. Halafu akatugeuzia mgongo, na mabega yake yakaanza kutikisika. Hapo kombania nzima iliangua kicheko, na kwa mara ya kwanza tangu tufike hakuna aliyeadhibiwa kwa kucheka mstarini. Tuliketi chini mbele ya watu wote, mimi na kijana wa Kagera, tukabadilishana buti moja kwa moja. Ndiye aliyenisimamia katika harusi yangu mwaka 2021.

Mwambie binti yako akishapewa mabuti ayatie alama ndani ya ulimi kwa uzi wa rangi, rangi moja kwa la kushoto na nyingine kwa la kulia, na yote mawili ayafunge pamoja kwa kamba kila anapolala. Hanga letu zima lilifanya hivyo kuanzia jioni ile.

Kisa cha pili ni cha lugha, nacho kilitukuta sote kwa pamoja. JKT, kama mnavyojua, si mafunzo ya silaha peke yake. Kuna kulima, kufuga, na kupanda miti. Siku moja afande alituongoza mpaka kwenye msitu wa misonobari, akasema, "Dakika kumi, kila mmoja apande mti!" kisha akageuka kwenda kuzungumza na dereva barabarani. Miche ilikuwa bado iko njiani kwenye trekta na hatukuwa tumeiona. Wiki nzima tulikuwa kwenye vikwazo, tukipanda kamba, tukipanda kuta, tukipanda nguzo. Hakuna aliyeuliza. Afande aliporudi alikuta vijana zaidi ya mia moja wako juu ya misonobari, wengine wamelikumbatia shina kwa mikono na miguu, na mmoja amefika karibu na kilele anaripoti kwa ukakamavu, "Tayari, afande!" Wakati huohuo trekta likaingia na miche yake.

Afande akaanza kusema, "Shukeni, mkapande…" akasita katikati ya neno, akatutazama kule juu, akamalizia, "Shukeni, mkaoteshe miti." Mpaka tunaondoka kambini sikumsikia tena akitumia neno "kupanda" kwa jambo linalohusu miche.

Koplo Mstaafu

Ndugu Mzazi, nimefundisha kwata kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na ningependa binti yako ajue jinsi makosa haya yanavyotokea, kwa sababu akishajua chanzo chake hofu itapungua.

Amri ya kwata ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ya tahadhari, inayomwambia kuruta ni jambo gani linakuja, na ya pili ni ya utekelezaji. Ninaposema "Nyuma…" sijamwambia mtu afanye lolote, mpaka niseme "geuka!" ndipo mwili uondoke. Kati ya maneno hayo mawili kuna kimya kifupi, na karibu makosa yote ya wiki ya kwanza huzaliwa ndani ya kimya hicho. Kuruta mwenye wasiwasi huondoka kwenye neno la kwanza kwa sababu anataka kuonekana mwepesi. Akigundua kwamba yuko peke yake hurudi haraka, na kurudi kwake hukutana na wenzake wanaogeuka, ndipo mnapoona watu wawili wanatazamana uso kwa uso katikati ya safu kama wanaotaka kusalimiana. Anayebaki alipo mpaka neno la pili huonekana amechelewa kidogo tu. Mwambie binti asikilize neno la pili.

Kosa jingine ambalo sijapata kuona kundi lisilokuwa nalo ni lile la mkono na mguu wa upande mmoja kwenda mbele pamoja. Mwanadamu akitembea bila kufikiri, mkono wa kulia huenda na mguu wa kushoto, na hakuna aliyemfundisha. Mwambie sasa atembee kwa amri, mbele ya watu, na ghafla hajui tena kutembea. Nimewaona vijana hodari wa mpira na mabingwa wa mbio wakitembea hivyo, wamekaza shingo, jasho linawatoka, na kadiri nilivyopaza sauti ndivyo mkono ulivyozidi kung'ang'ania mguu wake. Mwanzoni mwa kazi yangu niliwafokea. Baadaye nilijifunza kumwita kuruta wa namna hiyo pembeni na kumwambia kwa sauti ya kawaida, "Hebu nenda pale bombani, uangalie kama maji yanatoka, halafu uniambie." Anakwenda, mikono inapepea vizuri kabisa. Akiwa katikati ya njia ya kurudi namwambia, "Usisimame, usifikiri, endelea hivyohivyo." Wengi walipona siku hiyohiyo.

Na wakufunzi nao hukosea. Nilipokuwa koplo mpya nilipewa platuni moja niipitishe mbele ya mkuu wa kikosi aliyekuja kukagua maendeleo ya mafunzo. Upande wa chini wa uwanja wetu kulikuwa na bwawa la samaki la kambi. Platuni ilikuwa inakwenda vizuri, mguu mmoja, na mimi nilikuwa nimepanga kuigeuza nyuma hatua kama kumi kabla ya bwawa. Nilifungua kinywa kusema "Nyuma…" na mdudu akaingia mpaka kooni. Nilikohoa, nikapaliwa, machozi yakanitoka, sauti ikakataa kabisa. Vijana thelathini hawakuambiwa wageuke wala wasimame, kwa hiyo waliendelea. Safu ya kwanza iliingia majini, ya pili ikafuata, mikono inapanda na kushuka kwa mpigo uleule, maji yanafika magotini, perege wanaruka pembeni. Sauti iliporudi walikuwa wamebaki watu wanne tu nchi kavu.

Nilisema "Nyuma… geuka!" na, naapa, waligeuka ndani ya maji vizuri kuliko walivyowahi kugeuka uwanjani. Wakatoka kwa mwendo uleule, wamelowa, macho mbele. Mkuu wa kikosi aliwasogelea, akawapa mkono mmoja baada ya mwingine, akawaambia kwamba platuni inayotii hivyo anaweza kuipeleka popote. Kwangu alisema tu nikanywe maji. Jioni nilikwenda hangani kwao nikawaomba radhi, kwa sababu kosa lilikuwa langu na buti zilizolowa zilikuwa zao.

Msomaji wa Masaka

Salamu kutoka Uganda. Kisa cha kupanda miti kimenikumbusha mafunzo yetu, kwa sababu huku kwetu lugha ya jeshi ni Kiswahili tangu enzi za Keya, lile jeshi la kikoloni la Waingereza, na wengi wetu tulioandikishwa kutoka Buganda tulikuwa hatukijui sawasawa. Tulikijifunza kwa kukimbia.

Kuna maneno yanayofanana katika Kiganda na Kiswahili lakini maana zake ni mbalimbali. Neno "kati" kwetu maana yake ni "sasa". Mkufunzi wetu, mtu wa kaskazini asiyejua Kiganda hata kidogo, alikuwa anapanga watu kwa urefu, akamwita kijana mmoja mrefu na kumwambia, "Wewe njoo, simama kati!" Yule kijana alikuwa ameshapiga hatua tatu. Alisimama palepale, ghafla, kama aliyepigwa na umeme. Mkufunzi akarudia kwa ukali, "Nimesema kati!" Kijana akazidi kukakamaa, akaacha hata kupepesa macho, kwa sababu kwa masikio yake alikuwa anaambiwa "sasa!" na yeye alikuwa ameshatii. Wakaendelea hivyo mara nne au tano, mmoja akipaza sauti na mwingine akizidi kuwa jiwe, mpaka mwenzetu mmoja aliyesoma Kenya akaomba ruhusa ya kutafsiri.

Mkufunzi alipoelewa alicheka sana, kisha akatuomba tumwandikie maneno mengine ya namna hiyo. Tulimwandikia ukurasa mzima, naye aliutunza mfukoni mpaka mwisho wa kozi.

Mwalimu wa Historia, Songea

Ndugu Mzazi, hapo ulipo Tanga na hapa nilipo mimi Ruvuma, tuna visa viwili vikubwa vya namna hii ambavyo naona vijana wengi hawajasimuliwa, na vyote ni vya mwaka 1914.

Cha kwanza kilitokea Liuli, kwenye ufuo wa Ziwa Nyasa, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba uliopo pale, unaofanana na sanamu ya Sphinx ya Misri. Kabla ya vita, meli ya Waingereza ziwani iliitwa Gwendolen na nahodha wake alikuwa Rhoades. Meli ya Wajerumani iliitwa Hermann von Wissmann na nahodha wake alikuwa Berndt. Wawili hao walikuwa marafiki, wakikutana bandarini na kunywa pamoja. Vita vilipotangazwa barani Ulaya, habari zilimfikia Rhoades kwanza, akaamriwa kwenda kuiharibu meli ya rafiki yake. Tarehe 13 Agosti aliikuta Liuli, imepandishwa nchi kavu inafanyiwa matengenezo, akaifyatulia mzinga. Berndt hakuwa amepata habari yoyote ya vita. Alichokiona ni rafiki yake anaipiga meli yake mizinga bila sababu. Alirukia mtumbwi, akapiga kasia kwa hasira mpaka kwenye Gwendolen, akipaza sauti kumwuliza Rhoades kama amelewa. Alipopanda kwenye meli ndipo alipoelezwa kwamba nchi zao zinapigana na kwamba yeye sasa ni mfungwa. Tukio hilo hutajwa mara nyingi kuwa pambano la kwanza la majini la Vita vya Kwanza vya Dunia, na lilifanyika kwetu, mbele ya wavuvi wa Kinyasa. Kila ninapowafundisha wanafunzi somo hili huwa natulia kidogo kwenye ule mtumbwi. Naona ndani yake mtu mmoja ambaye vita vimeshaanza na yeye bado anakwenda kumwuliza rafiki yake kulikoni.

Cha pili ni cha kwenu Tanga, nacho nakisimulia kwa uangalifu kwa sababu watu wengi walikufa pale. Mwanzoni mwa Novemba Waingereza walileta kikosi kikubwa cha askari kutoka India chini ya Jenerali Aitken. Manowari yao, Fox, ilifika kwanza na kuutaka mji usalimu amri, kisha wakapoteza muda mwingi wakitafuta mabomu ya majini bandarini, na mabomu yenyewe hayakuwepo. Muda huo ulimtosha kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, kuwaleta askari wake kwa reli ya Usambara. Waingereza walishusha watu upande wa Ras Kasone, wengi wao wamechoshwa na safari ndefu ya bahari. Tarehe 4, katikati ya mapigano, risasi zilivuruga mizinga ya nyuki iliyokuwa kwenye miti, na nyuki wakatoka. Hawakuchagua bendera, waliwauma wa huku na wa kule, na askari waliokuwa wamevumilia risasi walikimbia kwa sababu ya nyuki. Tarehe 5 Waingereza walirudi melini na kuacha nyuma mamia ya bunduki na risasi mamia ya maelfu. Baadaye ulienea uvumi miongoni mwao kwamba Wajerumani waliwafunza nyuki hao vita. Mtu yeyote wa Tanga aliyewahi kurina asali anajua kwamba nyuki hafundishwi hivyo.

Nakisimulia ili binti ajue kwamba hata jenerali hukosea, tena mbele ya dunia nzima. Wewe uliyekulia Pongwe huenda umewahi kusikia wazee wakikisimulia kisa hicho cha nyuki.

Binti wa Lindo

Dada mdogo, naandika moja kwa moja kwako kwa sababu najua baba atakusomea. Nami nilikwenda kambini nikiogopa kukosea, na nilikosea usiku wa kwanza niliopangiwa lindo.

Tulikuwa wasichana wawili kwenye ghala la mahindi, tumepewa rungu na tochi ambayo betri yake ilikuwa inakaribia kuisha. Mwenzangu alikuwa upande wa nyuma wa ghala. Neno la siri la usiku ule lilikuwa na sehemu mbili: mlinzi anasema "Korosho", na anayekuja lazima ajibu "Mtwara". Asiyejibu hivyo hapiti, awe nani. Nilikuwa nimelirudia kichwani tangu saa mbili usiku, Korosho Mtwara, Korosho Mtwara, mpaka maneno yale mawili yakawa neno moja.

Mnamo saa nane nikasikia kokoto zinalia chini ya viatu. Mwili mzima ulisisimka. Nikawasha tochi, ikatoa mwanga wa rangi ya chai, nikapaza sauti kwa nguvu zangu zote: "Simama! Nani huyo? Korosho-Mtwara!"

Viatu vilisimama. Kimya kikawa kirefu. Kisha kutoka gizani nikasikia sauti ya afande wa zamu, imetulia kabisa: "Kuruta, sasa mimi umeniachia nini cha kusema?"

Sikujua la kufanya. Nilichokumbuka ni kwamba asiyejibu hapiti, kwa hiyo nikasema, "Sema Mtwara, afande." Akasema, "Mtwara." Nikasema, "Pita, afande." Alipita, akasimama karibu nami, na hakunifokea. Alinifundisha palepale nivute pumzi kwanza, nitamke neno langu peke yake, kisha nifunge mdomo mpaka anayekuja aseme lake. Akanifanyisha mara tatu, yeye akirudi gizani na kuja tena, mpaka nikaweza. Halafu akaniambia kwamba kumzuia kwangu kulikuwa sahihi, hata kama nilikuwa nimeshampa ufunguo.

Asubuhi habari ilikuwa imeenea kambi nzima, kwa sababu mwenzangu wa nyuma ya ghala alisikia kila kitu. Walinicheka, ndiyo, nami siwezi kukudanganya kwamba siku ile haikuniuma. Lakini wiki iliyofuata mwingine alikwenda mesi akiwa amevaa bukta nje ndani, na mwingine akampigia saluti mpishi, na zamu yangu ikapita. Leo mimi ni muuguzi, na kundi letu la simu lina wasichana thelathini na mmoja wa hanga lile. Mtu akifiwa, akijifungua, au akipata kazi, salamu ya kwanza huwa "Korosho!" na wengine wote hujibu "Mtwara!"

Mzazi wa Pongwe

Ndugu zangu, nimeshindwa kuwashukuru mmoja mmoja. Nimemsomea jana usiku, na tulipofika kwenye bwawa la samaki ilibidi nisimame kwa sababu mama yake alikuwa ameshika mbavu. Mwalimu, kisa cha nyuki nilikisikia kwa bibi yangu, ila alikuwa akisema nyuki wale walikuwa wa babu mmoja aliyekataa kuhama shamba lake. Sasa nitamwuliza shangazi kama anakumbuka zaidi.

Asubuhi ya leo nilipotoka kwenda msikitini alfajiri nilimkuta binti uani, amewapanga wadogo zake wawili kwa mstari. Mdogo wa mwisho, mwenye miaka saba, ndiye aliyekuwa akitoa amri, naye alikuwa anaacha kimya kirefu kati ya "Nyuma" na "geuka" kama Koplo alivyoeleza. Dada yake hakuondoka mpaka neno la pili. Jioni hii ameketi barazani na sindano, anatia uzi mwekundu ndani ya raba ya kushoto na wa njano ndani ya ile ya kulia, kwa mazoezi, mpaka atakapopewa mabuti.

Ana swali moja alilonituma niulize: je, sindano na uzi vinaruhusiwa kuingia navyo kambini?

Koplo Mstaafu

Kwa miaka niliyofundisha hatukumnyang'anya mtu uzi. Abebe wa rangi nyingi, maana akionekana anao, hanga zima litakuja kumwazima.